Mvua ya Kiangazi Nyumbani kwa Immakulata

Kiangazi cha mwaka jana, kila jua lilipozama, mwanaume alikohoa ndani ya nyumba ya Immakulata. Alikohoa, akavuta kiti, akasema, "Mama Ndayi, hebu niletee maji." Baada ya muda akamfokea mbuzi. Waliopita njiani walimsikia wakaendelea na safari zao. Nyumba ina mwenyewe, walijisemea.

Hamkuwa na mwanaume humo. Alikuwamo Immakulata, binti yake mdogo Ndayikunda, na kile kidude cheusi cha kuchezea nyimbo, ukubwa wa kiberiti, ambacho watu wa hapa hukiita empithrii.

Immakulata alizaliwa Kumsenga, kule Kibondo, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi wakiwa wadogo na kuja kupata uraia ukubwani. Aliolewa na Bazilio, fundi wa zege na mwalimu wa kwaya, wakapanga nyumba ya tofali mbichi pembezoni mwa mji wa Kasulu, upande wa barabara iendayo Kibondo. Mchana hushona sare za shule kwenye baraza ya duka la Zena, jirani yake. Ni mwanamke wa maneno machache. Tangu utotoni, akiogopa, sauti humkauka kabisa; mdomo unafunguka na hakitoki kitu.

Empithrii aliinunua Bazilio kwa ajili ya kwaya. Alikuwa akirekodi mazoezi, yaliyofanyika hapo hapo nyumbani kwao, kisha usiku anasikiliza kutafuta nani ameteleza kwenye besi. Ukiichomeka kwenye kompyuta inageuka flashi, kwa hiyo humo humo alihifadhi picha za harusi, nota za nyimbo na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha Ndayi. Maisha yao yote yalikuwa ndani ya kile kidude. Bazilio alipopata kazi kwa mkandarasi wa barabara huko Mpanda, alimwachia mkewe.

"Nikienda nayo kambini wataniibia," alisema. "Ikae na wewe. Mvua za kwanza zikinyesha, mimi huyo."

Kisha habari za teleza zikapanda huku juu kutoka Ujiji.

Teleza ni mwanaume anayejipaka mafuta mwili mzima ili akishikwa achomoke, akaingia kwa nguvu kwenye nyumba ya mwanamke anayelala bila mume. Sitaeleza anachofanya akishaingia. Kila mwanamke wa mkoa huu anajua, na wanaume pia wanajua, ila wengi wetu hulitaja neno hilo vijiweni huku tukicheka, kana kwamba ni jina la mchezaji mpira. Tumewaachia wanawake hofu, nasi tukabaki na utani.

Mtaa wa pili mwanamke mmoja alihama asubuhi na godoro kichwani, hakumwambia mtu sababu. Immakulata alimwona akipita. Tangu siku hiyo akawa anasukuma gunia la mahindi mlangoni kabla ya kulala, na akilala halali.

Jioni moja aliwasha mazoezi ya kwaya ili mtoto atulie. Kati ya wimbo na wimbo, Bazilio alikohoa, akaomba maji. Ndayi akatupa kijiko, akakimbilia mlangoni.

"Baba karudi!"

Immakulata alimtazama mtoto akihangaika na kitasa. Kama mwanawe mwenyewe amedanganyika, basi na mtu wa nje atadanganyika.

Kesho yake alikwenda kwa Hashimu, mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo karibu na stendi.

"Unataka nyimbo zitoke, maneno yabaki?" Hashimu aliuliza.

"Ndiyo."

"Mama, wateja wangu wote huja kutaka kinyume chake."

"Nimemkumbuka mume wangu."

"Haya, nakukatia mzee peke yake." Alivaa spika za masikioni, akakata, akaunga, akakunja uso. "Kuna kelele kwa nyuma. Hiyo siwezi kuitoa."

"Iache. Mimi namtaka yeye."

Nyumbani, Immakulata akaunganisha empithrii na spika ndogo, akaifunika kwa kanga, akaweka sauti chini. Sauti ikizidi inakuwa ya redio. Ikiwa chini inakuwa ya mtu aliyechoka. Jioni ya kwanza alikaa gizani akisubiri mtu aje kumwambia mwongo wewe. Hakuja mtu. Usiku ule alilala.

Bombani wakaanza kumuuliza. "Baba Ndayi karudi?"

"Karudi. Kifua kinamsumbua, hatoki."

Uongo huo ukaanza kudai matunzo. Zena akaleta tangawizi na asali ya Kibondo. Kwaya ikataka kuja kumwombea mwalimu wao, naye akasema daktari amekataza watu wengi. Tangawizi aliinywa mwenyewe, jikoni, akiwa hajui acheke au alie.

Kisha ikaja ile asubuhi ya bombani. Anania, fundi matofali wa mtaa, ndiye aliyeezeka nyumba ile bati. Alikuwa amesimama na dumu lake kati ya wanawake.

"Mwakeye, shemeji."

"Mwakeye, fundi."

"Mzee anaendeleaje?"

"Anapata nafuu."

"Tunashukuru." Anania akaweka dumu chini. "Eti shemeji, juzi kwako kulinyesha?"

"Kunyesha nini?"

"Mvua. Nimeisikia kwenye bati, chwa-chwa-chwa. Kutazama juu, nyota tupu. Nikasema, loo, Mungu naye ana upendeleo. Mtaa mzima tunakula vumbi, ananyeshewa shemeji peke yake!"

Wanawake waliangua kicheko. "Fundi, hizo pombe zitakuua!" mmoja akamwambia. Anania naye akacheka, lakini macho yake hayakutoka usoni kwa Immakulata.

Hapo Immakulata akakumbuka: mazoezi yale yalirekodiwa mwezi wa tatu, masika yakiwa yamepamba moto. Ndiyo kelele aliyoitaja Hashimu. Jioni zote zile Immakulata aliisikiliza sauti ile na hakuwahi kuisikia mvua, kwa sababu alikuwa akimsikiliza mume.

Alikuwa amefika nusu ya njia, ndoo kichwani, lilipomjia wazo la pili, baya kuliko la kwanza. Sauti ilikuwa chini. Mtu wa njiani alisikia kikohozi kwa taabu. Mvua ilikuwa nyuma ya kikohozi, nyembamba kama pumzi. Ili mtu aisikie, ilibidi asimame ukutani kabisa, sikio kwenye mbao za dirisha.

Aliitua ndoo, akazunguka nyuma ya nyumba. Chini ya dirisha lilikuwapo tofali la kuchoma, jipya, jekundu, limelazwa vizuri kama ngazi. Juu yake palikuwa na alama ya ndala. Nyumba ile yote haikuwa na tofali la kuchoma hata moja.

Hakuligusa. Alirudi ndani akakaa kitandani, mtoto mapajani. Akiwasha mashine, yule mtu atajua ni mashine. Asipoiwasha, atajua hakuna mwanaume. Jioni ilipofika hakuwasha, na ukimya wa nyumba yake ukawa kama mlango ulioachwa wazi.

Kulipokucha alimweleza Zena kila kitu, barazani, cherehani ikiwa imesimama.

"Ngoja kwanza," Zena alisema. "Kwa hiyo tangawizi yangu alikunywa nani?"

"Mimi."

"Na asali?"

"Mimi na Ndayi."

Zena alicheka hadi akajifuta machozi kwa upande wa mtandio. Kisha kicheko kikakatika. Akamshika mkono, akampeleka mlango wa nyuma wa nyumba yake, akamwonyesha buti za mpira, kubwa, zenye tope.

"Za marehemu mume wangu," alisema. "Kila asubuhi nazigeuza upande mwingine, watu waone zimevaliwa. Tope napaka mwenyewe. Ulidhani ni wewe tu, shoga?"

Naandika haya kwa hasira. Wanawake wawili wazima, wenye kazi zao na akili zao, mmoja anapaka tope buti za maiti, mwingine anawasha kikohozi, ili waachwe walale. Na sisi tunajiita walinzi wa nyumba.

"Piga induru," Zena alisema. Induru ni yowe, kwa Kiha. "Akigusa dirisha, piga, tutatoka wote."

"Sauti itanikauka, Mama weye. Najijua."

Zena alifikiri. "Hicho kidude si kinarekodi? Basi tutakupigia sisi, ukiweke humo. Wewe kazi yako kubonyeza."

Wakakusanyika nyuma ya duka: Zena, Safina muuza unga wa muhogo, na wengine wa mtaa ule. Immakulata akashika empithrii juu. Walipiga induru hadi kuku wakakimbia na mtu wa bodaboda akaangusha mzigo. Safina akataka warudie, eti yake haikutoka vizuri.

Zilipita jioni kadhaa bila kitu. Kisha moja, giza likianza kuingia na majiko ya jirani bado yakifuka moshi, Immakulata alisikia tofali likisogea. Jambo dogo tu, mchanga kusagika. Halafu mbao za dirisha zikalia, kama zinapimwa kwa kiganja. Harufu ya mafuta ya mawese ikaingia chumbani.

Akabonyeza.

Induru ikajaza nyumba. Ndayi akajifunika masikio. Nje, kimya. Sauti za wanawake zikapanda, zikashuka, zikafika mwisho wa rekodi na kukatika kwa mkato, jinsi mashine inavyokatika.

Katika ukimya ule mtu akasema dirishani, taratibu, karibu kwa upole, "Hiyo nayo ni mashine, shemeji."

Ilikuwa sauti ya bombani. Immakulata alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Kilitoka ng'ambo ya uzio. Zena alikuwa ameisikia induru yake mwenyewe akiwa jikoni, na sasa aliipiga kwa koo lake. Safina akaijibu. Ikajibiwa na nyumba ya tatu, na ya nne, na hiyo haikukatika, ilikuwa inakuja, na miguu yake, na mienge yake ya simu, na michi. Dirishani kitu kizito kilianguka. Walipofika walikuta tofali limepinduka na mbao za dirisha zinang'aa kwa mafuta.

Ofisa wa mtaa aliwasikiliza asubuhi.

"Mlimwona sura?"

"Nilimsikia," Immakulata alisema. "Namjua."

"Sauti si ushahidi, mama."

Kwaya nzima ilikuwa imeamini kikohozi, lakini neno la mwanamke aliyesikia kwa masikio yake halikutosha hata kuandikwa. Walitoka hapo, wakaenda nyuma ya nyumba, wakalichukua lile tofali, na wanawake wote wakaongozana hadi kwenye tanuri la Anania. Alikuwa anachanganya udongo, kifundo cha mguu kimefungwa kitambaa.

Immakulata ndiye aliyelibeba. Akaliweka mbele yake.

"Tofali lako, fundi."

"La wapi hilo?" Anania aliuliza.

Walisimama tu, wakimtazama. Yeye alitazama tofali, akatazama udongo, hakuweza kuinua macho. Kabla ya wiki kwisha tanuri lilikuwa limezimwa. Wengine wanasema yuko Nyakitonto, wengine wanasema amekwenda kambi ya Nduta kufanya vibarua. Immakulata hapendi kusikia yuko wapi, kwa sababu popote alipo pana dirisha la mtu.

Siku hizi, jua likizama, Zena huita kutoka uani kwake, "Mama Ndayi, upo?" Naye hujibu, "Nipo!" kisha humwita Safina, na Safina humwita wa mbele yake, hadi mwisho wa mtaa. Asiyejibu hufuatwa. Juzi Safina alichelewa kwa sababu alikuwa anaoga. Alitoka na povu kichwani akakuta mlango umezungukwa na michi. "Jamani, hata sabuni nisipake?" alilalamika, nao wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka kabla ya kuangalia dirisha lake.

Bazilio hajarudi bado, barabara haijakwisha. Immakulata hakuifuta sauti yake. Usiku, mtoto akilala, huisikiliza kwa spika za masikioni, kwa kumkumbuka tu. Kikohozi kipo, kiti kipo, maji yanaombwa. Ila masikio yake yameharibika. Sasa kinachomjia kwanza ni mvua, na akiisikia hugeuka kutazama dirisha.