Waliokufa Haraka

Muriel Dowse aliwajua marehemu wake vizuri kuliko majirani zake, na majirani hawakuona ajabu, maana marehemu hawaji kugonga mlango kuazima ngazi. Walikuwa kumi na mmoja, wote wasichana, wote wa wilaya yetu hii ya Lincolnshire, ambako ardhi ni tambarare na upepo hauna pa kujizuia. Wakati wa vita vya Hitler wanaume walipokwenda mapiganoni, serikali iliwaandikisha wasichana wa mijini, wauza duka na wasusi, ikawavalisha suruali na sweta za kijani, ikawapeleka mashambani kukamua ng'ombe na kung'oa viazi. Jeshi la Wanawake la Mashambani, ndivyo walivyoitwa. Jeshi kwa jina tu. Aliyekufa na bunduki mkononi alichongewa jiwe na serikali. Aliyekufa na uma wa samadi alirudishwa kwa mama yake, mama akamzika mwenyewe, na habari yake ikaishia hapo.

Muriel alianza kuwatafuta mwaka uliofuata baada ya kumzika mumewe, Terence. Alikwenda makaburini na ndoo na brashi, akasugua ukungu mpaka majina yakasomeka. Alikaa na vikongwe kwenye nyumba za wazee, akawasikiliza wakirudia habari ile ile. Alikesha maktaba na magazeti ya zamani. Kijijini Hagthorpe watu walisema ni huzuni ndiyo inayomsukuma, maskini, lazima apate la kufanya. Haikuwa huzuni. Laiti ingekuwa huzuni, angeshukuru.

Terence alikuwa amelazwa hospitali ya mjini. Jioni moja kengele ya kuwatoa wageni ikalia, na Muriel, mwanamke ambaye maisha yake yote hakuvuka taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu, akachukua mkoba wake akasimama. Terence akamwomba akae kidogo. "Kesho, Terry," akamwambia. "Kengele imelia." Kesho yake kitanda kilikuwa kimeshatandikwa mashuka mapya. Siku ya mazishi aliwagawia watu chai na mkate wa zabibu, akahakikisha kila mtu amepata jibini, akaosha vikombe. Chozi halikuja. Alilisubiri wiki nzima, kisha akaacha kulisubiri. Chakula kikawa hakina ladha, jua na mvua vikawa mamoja, naye akazoea.

Kwa hiyo kazi ya wafu ilimfaa. Aliweza kusimulia bila sauti kutetereka kwamba Mary Pask alinaswa na mkanda wa mashine ya kupura ngano, kwamba Edna Sleight aliuawa na fahali, kwamba mwingine aligongwa na lori la jeshi akiwa juu ya baiskeli gizani, kwa sababu taa zilikatazwa zisionwe na ndege za adui. Alisimulia hivyo kwenye ukumbi wa kanisa, wanawake wakatoa leso, yeye akauliza kama kuna aliyebakiza biskuti.

Mwaka huo wanakijiji walichanga, jiwe likaagizwa. Lingesimamishwa kando ya msalaba wa mashujaa, na majina yasomwe Jumapili ya Kumbukumbu, mwezi wa Novemba, tunapowakumbuka waliokufa vitani. Kanuni ya kuingia kwenye jiwe aliitunga Muriel mwenyewe: msichana awe amekufa angali ameandikishwa. Aliyeachishwa kazi jana akafa leo, pole yake, si wa jiwe hili.

Ndipo alipokuja Wilf Epton. Alikuwa mzee wa karibu miaka themanini, mchimba mifereji mstaafu, mseja, hana mtoto wala mpwa. Alisimama kizingitini na kofia mkononi.

"Nasikia mnachonga jiwe."

"Ndiyo, mzee Wilf. Ingia, maji yanachemka."

"Siingii, buti zina tope. Dada yangu Avis yumo?"

Muriel alikuwa na jibu kabla ya swali. "Alifia wapi?"

"Nyumbani kwetu. Chumba cha mbele, Juni ya arobaini na tatu. Kifua kikuu."

"Na kazi aliachishwa lini?"

"Aprili."

"Basi hayumo. Pole sana. Lakini nikimwingiza huyo, kesho atakuja mtu na bibi yake aliyefariki juzi, atuambie mgongo wake uliharibiwa na viazi vya wakati wa vita."

Wilf akaigeuzageuza kofia. "Avis hakuwahi kuwa bibi wa mtu. Alikuwa na miaka ishirini." Akasema bila kumtazama, "Baba hakuwa na hela ya jiwe. Tuliweka msalaba wa mbao, ukaoza. Jina lake halipo popote, Bi Muriel. Mimi ndiye wa mwisho ninayelijua, na daktari wangu naye hanipi matumaini makubwa."

"Nakuelewa. Ila kanuni ni kanuni."

"Haya," akasema Wilf. "Kanuni ni kanuni." Akavaa kofia yake akaenda zake, akifunga geti vizuri nyuma yake kama mtu aliyelelewa.

Habari za kijiji hazihitaji posta. Kufika jioni Pauline wa dukani alikuwa nazo, na Muriel alipokwenda kununua maziwa, Pauline hakumrudishia chenji mpaka aseme lake.

"Hata Mtakatifu Petro huacha mlango wa mbinguni wazi kidogo, Muriel. Wewe umeutia na komeo."

"Petro hana fundi wa mawe anayemsubiri majina."

"Ana moyo, lakini."

"Nipe chenji yangu, Pauline."

Akarudi nyumbani. Alijua kuwa mtu mwingine angekosa usingizi kwa maneno kama hayo. Yeye alilala vizuri tu, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi kidogo asubuhi, alipokuwa akipiga mswaki.

Mwezi wa Oktoba alikuwa makaburini kijiji cha pili, amepiga magoti mbele ya kaburi la Edna Sleight, yule wa fahali, anasugua, alipoona buti mbili zimesimama karibu yake. Wilf, na brashi yake mwenyewe, ile ngumu ya kusugulia sakafu.

"Kama umekuja kunibembeleza..."

"Nani akubembeleze? Nimekuja kusugua. Nimekutazama toka kwenye basi, unasugua kama mtu anayeosha vikombe vya bibi harusi. Ukungu hautoki kwa adabu, bibie. Sogea."

Akasogea. Wakasugua bega kwa bega, yeye juu, mzee chini, maji ya ndoo yakawa meusi. Jina likajitokeza, kisha mwaka, kisha maneno ya Biblia ambayo nusu yake yalishaliwa na baridi. Wilf akakaa juu ya visigino vyake, akavuta pumzi kwa shida.

"Huyu alikuwa na bahati," akasema.

"Aliuawa na fahali, mzee Wilf!"

"Ndiyo. Haraka. Hawakupata muda wa kumwondoa."

Muriel akamwangalia. "Kumwondoa vipi?"

"Kama walivyomwondoa wetu. Avis alianza kukohoa Februari, akaendelea kukamua. Ng'ombe wenyewe walikuwa wagonjwa wa kifua hicho hicho, kila mtu alijua. Alipotema damu, msimamizi wa bweni akasema kitanda kinatakiwa, kuna msichana mpya anakuja na treni. Wakamvua sare. Koti, buti, mpaka soksi, vya serikali vyote hivyo. Alishuka kwetu kutoka kwenye lori la maziwa, amevaa gauni la kuazima, baridi ya Aprili unaijua. Na hakuwa peke yake. Wa kitanda cha jirani alikwisha kurudishwa kwao kabla yake." Akaichovya brashi ndooni. "Huyu Edna, fahali angemvunja mbavu tu akabaki kitandani mwezi mmoja, wangemwachisha naye. Usingemwona kwenye jiwe lako."

Brashi ya Muriel ilikuwa imesimama. Aliwapitia wote kumi na mmoja kichwani, kwa majina. Mashine. Fahali. Lori. Radi katika shamba la viazisukari. Yule aliyezama kwenye mfereji. Wote, mmoja mmoja, walikufa kwa dakika chache au kwa siku mbili tatu. Hakukuwa na aliyekufa akikohoa. Wasichana wengi namna ile, mabweni yale yanayotiririka maji ukutani, maziwa yale yasiyochemshwa, baridi ile, na asife hata mmoja kwa kifua? Walikufa. Ila waliachishwa kwanza, wakafa nyumbani kwao kama watu binafsi, na wakubwa wakabaki na vitabu safi. Na yeye Muriel alikuwa amewasaidia wakubwa hao kutunza vitabu vyao, bila mshahara, na mlango kautia komeo.

Alijua kwamba hapo mtu hukasirika. Aliitafuta hasira kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta ufunguo, asiipate. Alichopata ni aibu kidogo, ya mbali.

"Kamwage haya maji, mzee Wilf," akasema. "Tuletee mengine."

Jumatatu alikwenda kwa fundi wa mawe. Fundi akashika kiuno. Jiwe lilishachongwa, majina yamepangwa kwa alfabeti, na kwa Kiingereza cha karakana alimwambia mambo ambayo siyarudii hapa. Mwishowe akakubali kuwa chini kabisa kuna nafasi ya jina moja, kwa herufi ndogo kidogo.

"Litaonekana kama limesahauliwa likakumbukwa baadaye," akasema fundi.

"Ndivyo ilivyokuwa," akajibu Muriel.

Kasisi wetu, Mchungaji Gillian, ambaye ni mama mwenye haraka na baiskeli mbovu, alimsimamisha njiani. "Na familia nyingine zikisikia, Muriel? Wakija na wao?"

"Waje. Itabidi nianze upya kuwatafuta, wale waliorudishwa makwao. Huenda ni wengi kuliko hawa."

Akapita kwa Wilf, akamkuta bustanini anafunga mabua ya maharage.

"Ameingia," akamwambia juu ya ua.

Wilf hakugeuka mara moja. "Kwa kunihurumia?"

"Unanijua, mzee. Huruma ninunue wapi?"

"Vizuri," akasema Wilf. "Kwa huruma nisingemtaka aingie." Akaendelea kufunga mabua, ila lile bua alilolishika alilifunga mara tatu.

Jumapili ya Kumbukumbu ilikuja na ukungu. Tukasimama wote kuuzunguka msalaba, maua mekundu ya karatasi vifuani, wazee wenye medali mbele, skauti wakiwa na bendera inayowashinda uzito. Lazima niseme kitu juu ya ule ukimya wa dakika mbili, tunaowapa waliokufa vitani. Sisi watu wa huku hatuna mambo mengi matakatifu yaliyobaki. Kanisani hatujai, na mahubiri ya Mchungaji Gillian tunayakosoa mpaka jikoni. Lakini ukimya wa saa tano Novemba hauguswi. Watu hukohoa kabla yake, hupenga kamasi kabla yake. Mwaka mmoja kichanga kililia, na mama yake akakimbia nacho mpaka kituo cha basi, na bado anasemwa.

Muriel akasoma majina. Mary Pask. Edna Sleight. Akaenda hivyo, sauti ile ile, mpaka jina la chini. "Avis Epton," akasoma. Alikuwa ametarajia kwamba hapo, angalau hapo, atasikia kitu. Hakusikia. Akaikunja karatasi, mpiga tarumbeta akapiga, bendera ikainama, na ukimya ukaanza.

Wilf akatoka katika mstari. Alitembea taratibu, kofia mkononi, mpaka mbele ya jiwe, akainama kidogo kufikia herufi zile ndogo.

"Avis," akasema. Hakunong'ona. Ilikuwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake aliye chumba cha pili. "Avis, ni mimi. Wilf."

Vichwa vikageuka. Mwenyekiti wa kijiji akawa mwekundu, akamkodolea macho Muriel, kwani shughuli ilikuwa yake na mzee alikuwa wake. Muriel akatoka kwenda kumshika kiwiko amrudishe. Alishanyoosha mkono.

"Sikuingia kwa sababu Mama alikataza," Wilf akaendelea. "Alisema utaniambukiza. Akasema usiseme neno, mwache dada yako apumzike. Ulikuwa unaniita, Avis, nilikuwa nakusikia. Ukafikiri nimekwenda kucheza. Sikwenda. Nilikuwa nimekaa hapo hapo chini, mgongo kwenye mlango. Siku zote zile. Nilitii tu, nilikuwa na miaka tisa."

Mkono wa Muriel ulimfikia mzee, ukashika mkono wa koti lake, ukabaki hapo. Hakumvuta. Kitu kikamuuma kifuani, kikamuuma kweli, akataka kuliita jina la Terence kwa sauti mbele ya kijiji kizima. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuwa na leso, maana hakuwahi kuihitaji.

Dakika mbili zikaisha. Mpiga tarumbeta akaitazama saa yake, akainua tarumbeta mdomoni kuufunga ukimya, akamtazama Muriel apate ishara.

Muriel akamtikisia kichwa. Asubiri. Mzee alikuwa hajamaliza.