Mkono wa Lucius Tolliver

Lucius Tolliver alikuwa polisi mweusi katika mji mmoja wa viwanda huko Ohio, na kwa kazi hiyo alichukiwa pande zote mbili. Kituoni, Wazungu walimwita msaliti tangu yeye na wenzake waanzishe chama cha polisi weusi. Mtaani waliitwa vibaraka. Kila Jumamosi chama kilikaanga kambare kwenye ukumbi wa chini ya kanisa na kusikiliza malalamiko ya watu, kisha Lucius akawafundisha vijana namna ya kusimamishwa na polisi wakabaki hai: mikono ionekane, usiguse mfuko.

"Mnatufundisha adabu sisi," Bi Cleotha, jirani waliyetenganishwa naye na ukuta mmoja tu, alimwambia Lucius. "Wenye bunduki nani anawafundisha?"

"Nao tunawafundisha, mama."

"Basi vichwa vyao vigumu."

Jumamosi moja mchana Lucius alishuka garini mbele ya nyumba yake, amevaa ovaroli, amebeba samaki wa kikao. Gari la doria likafunga breki nyuma yake. Duka la kona lilikuwa limetoka kuibiwa, na askari wawili wa Kizungu, vijana asiowajua, walikuwa wanamtafuta mweusi mwenye ovaroli.

"Simama hapohapo."

Lucius akafanya kosa ambalo mwanafunzi wake hata mmoja asingelifanya. Wanafunzi hawakuwa na beji. Yeye alikuwa nayo mfuko wa nyuma, na kazi ilikuwa imemzoesha kuitoa. "Mimi polisi mwenzenu," alisema, na mkono ukaenda mfukoni.

Akasikia bastola zikikokiwa. Akiutoa mkono watampiga, akiuacha watampiga. Aliogopa, tena aliogopa sana, wala sioni sababu ya kumpamba.

"Lucius," Bi Cleotha aliita kutoka barazani, taratibu, kama anayemwita mtu mezani. "Toa mkono mtupu, mwanangu. Polepole. Nanyi vijana, huyo ni polisi, namjua tangu hajaota meno. Beji iko mfuko wa nyuma. Na mimi nawatazama."

Walimlaza kifudifudi, wakaichomoa beji wenyewe. Mmoja akaigeuzageuza.

"Ungesema mapema," akamwambia. Wakaondoka bila hata kumwinua.

Bi Cleotha alimpangusa vumbi kwa aproni yake. Lucius akaokota samaki wake.

"Usimwambie mke wangu."

"Odessa ndiye aliyenigongea ukuta nitoke. Alikuwa anaupiga kwa mateke."

"Kwa nini hakutoka mwenyewe?"

"Ingia ndani, utaona."

Odessa alikuwa sakafuni kwenye korido, amemlalia mwana wao Alonzo, kijana mkubwa kumzidi, aliyetaka kutoka mbio amfuate baba yake. Shati la kijana lilikuwa limechanika mgongo mzima. Alonzo alikuwa analia.

"Wameshaondoka," Lucius alisema.

Odessa alimsikia. Hakumwachia mtoto.