Mlio Tuliousikia Wote Wawili

Kwenye kituo cha pampu, bondeni chini ya Newala, tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu aliyenizidi miaka kumi na zaidi, na msimamizi wetu. Kazi yetu ilikuwa kupandisha maji mlimani mpaka kwenye matangi ya vijiji vya juu, ambako mvua zikikatika hakuna pa kuchota.

Msimamizi wa kwanza alikuwa mzee wa maneno machache. Kila asubuhi, tukishamwamkia, aliuliza mashine inasemaje, nasi tulimweleza kila kitu, hata makosa yetu. Siku niliyosahau kufungua vali nikakaribia kuunguza mota, nilimfuata mwenyewe nikamwambia. Alivua saa yake, akakunja mikono ya shati, tukafungua mashine pamoja. Miaka ile sikumbuki kuchelewa kazini, wala hapakuwa na mtu wa kunihesabia dakika.

Alipostaafu akaja mwingine, kijana msomi, na naamini alikuwa na nia njema. Alileta ubao. Aliandika saa ambazo pampu ilifanya kazi bila kusimama, na ikisimama, aliandika jina la aliyeizima. Wiki ya pili mwenzangu aliizima akaze boliti. Jina lake lilikaa pale mwezi mzima. Kwenye mkutano, mbele ya kamati ya maji, msimamizi akamwambia uzee umemtia woga. Aliinamisha kichwa tu. Zamani tulikuwa tukila muhogo wetu sahani moja. Baada ya mkutano ule kila mtu akawa anakuja na chakula chake, anakula peke yake.

Msimu wa korosho ulipoanza, nikiwa zamu ya asubuhi, nikasikia beringi, ile inayoshika shafti ya pampu izunguke, inalia. Niliujua mlio ule: pampu ilitaka kuzimwa. Lakini wiki hiyo jina langu lilikuwa juu kabisa ubaoni kwa saa nyingi bila kuzima pampu, na zamu yangu ilibakiza saa moja. Nikaiacha. Mwenzangu alipofika nilimsalimu, nikampa funguo, nikaondoka. Jioni ile shafti ilikatika.

Vijiji vilikaa wiki tano bila maji. Wanawake walishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani. Jirani yangu, mwenye mimba ya miezi sita, aliteleza kwenye mteremko. Mimba ikaharibika.

Kamati ilitazama daftari la zamu, ikamwachisha kazi mwenzangu. Nilikuwepo, nikatazama viatu vyangu.

Baada ya siku nne nikaenda kwake, kijijini Mnyambe. Alikuwa anaanika korosho.

"Kaka, beringi ililia zamu yangu," nikamwambia.

Hakuinua kichwa. "Najua. Ilikuwa bado inalia nilipoingia. Nikasema sitaizima mimi tena."

Nikakaa, tukatenganisha korosho nzuri na mbovu.

Kesho yake nilimweleza msimamizi yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini sikusema mapema. Jibu lilikuwa nyuma yake, kwenye ubao ukutani. Akasema kamati imekwisha kuamua.

Mwenzangu hakurudishwa. Mimi bado nipo kazini. Jirani yangu hunisalimu kila asubuhi kama zamani, na hakuna aliyemwambia kwamba mlio ule tuliusikia.