Siku Waliyokuja Kuitazama Shida Yetu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Buswelu ikiwa bado mashamba matupu, mama alinituma kwa jirani yetu Mama Tatu kuazima makochi. Sijui kama nastahili kukushauri mambo ya chuo, maana mimi niliishia darasa la saba. Lakini mdogo wangu Kabula alisoma, na nilikuwepo.

Kabula alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Ada hatukuwa nayo. Mwalimu wake akamwonyesha tangazo la shirika moja linalosomesha watoto wa wasiojiweza, akaomba, tukaambiwa watu wawili watafika nyumbani kuona hali yetu kabla ya kuamua. Sasa mama, na simlaumu, alisikia neno moja tu: wageni. Kwetu Usukumani mgeni hakalishwi kwenye ndoo. Tukapanga makochi na vitambaa vyake vyeupe, tukaazima na televisheni, kuku akachinjwa. Aliyefichwa ni ng'ombe wetu mmoja wa maziwa, akapelekwa kwa mjomba, wasije wakasema tuna mali. Ukiniuliza ni hesabu gani hiyo, hata mimi sijui.

Wageni walikuwa mama wa makamo na kijana mmoja. Wakala, wakashukuru. Yule mama akaitazama televisheni, akalipapasa kochi.

"Kwa kweli hapa mnaishi vizuri," akasema, akaanza kuandika.

Babu, baba yake mama, tuliyekuwa tukiishi naye, akakohoa.

"Mama, usiandike kwanza. Hilo kochi ni la jirani. Televisheni nayo ya jirani, na ukiiwasha haiwaki, umeme hatuna."

"Baba!" mama akashtuka.

"Kuku ndiye wetu. Alikuwa wetu." Yule kijana akacheka mpaka akapaliwa. Babu akaendelea, "Na tuna ng'ombe mmoja, yuko kwa mwanangu hapo chini."

"Sasa baba, ng'ombe unamtaja wa nini?"

"Kwa sababu yupo. Mtu amekuja kupima njaa yako, unamshibisha ili apime nini? Mficha uchi hazai, binti yangu."

Mama akajifuta macho kwa khanga. Nilimhurumia. Wahenga hao hao ndio waliosema mgeni njoo mwenyeji apone, na yeye alitaka tu tusidharauliwe.

Kabula akapata. Walilipa ada yote, ila malazi tukaambiwa tuyabebe wenyewe kwa maziwa ya yule ng'ombe. Mama alinung'unika sana kwamba babu angenyamaza, tungelipiwa vyote. Huenda alikuwa sahihi. Sitaki kukudanganya kwamba ukweli hulipa kila mara. Binti mmoja wa mtaa wetu alisema kweli tupu, na hakupata. Lakini Kabula alisoma bila hofu ya kuumbuliwa. Leo ni muuguzi upande wa Geita, ukishavuka ziwa pale Busisi, na kila nikimwona na sare yake nawashukuru wote: mwalimu, wale wageni, babu, na mama pia.

Basi, mwanangu, ufadhili hauji kukubishia hodi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waulize walimu, soma matangazo ya ofisi ya kata na ya chuo chenyewe, omba sehemu zaidi ya moja, na tuma mapema. Usidharau msaada mdogo, maana vidogo viwili vitatu vikikutana vinaweza kufika ada. Anayekudai hela ili akupatie nafasi, mkimbie. Na wakikuuliza nyumbani kuna nini, taja kilichopo na kisichopo, usijipambe, usijichakaze. Ukikosa, lia siku hiyo, kesho omba tena. Kukosa si kwamba hufai.

Mungu akujalie mwalimu wa kukuonyesha njia na mgeni mwenye macho ya haki. Na siku utakayovaa joho, akuwekee hai wale waliohangaika nawe, wakuone.