Tangazo Lililobandikwa Ndani

Juzi, kwa fundi kompyuta mjini Kilosa, mzee mmoja wa Kidete aliingia amekumbatia kompyuta yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Barua pepe haziingii miezi sasa, na nywila ni ileile."

Fundi akamweleza kuwa kampuni kubwa yenye huduma ya barua pepe wamebadilisha utaratibu wa kuingia na hawaitambui tena programu yake ya zamani. Akaisasisha, barua zikamiminika. Mzee akasoma moja, akavua miwani. Binti yake, ambaye tangu wagombane hapokei simu zake, alikuwa ameandika: "Baba, nimekusamehe. Njoo harusini." Harusi ilishapita.

"Kwa nini hawakuniambia wanabadilisha?"

Fundi akainamisha kichwa. "Walikuambia, mzee. Taarifa yao imeingia sasa hivi, pamoja na hizi."

Ndugu wasomaji, wakubwa hawa hufunga mlango kwanza, kisha hubandika tangazo kwa ndani.