Ng'ombe wa Majina Mawili

Tangu mjane wa Yaeda Chini aje ofisini kwetu Katesh, kiti hakinikaliki. Nafungua kompyuta, naifunga, natoka nje kutazama mlima, narudi.

Mimi ni mzee wa kidato cha nne, mwandikishaji wa mifugo katika ushirika wetu. Taarifa za kila kijiji naziweka kwenye faili la XML, maandishi ya kawaida tu, kila jambo likiwa kati ya alama ya kufungua na alama ya kufunga. Kabla ya kulituma makao makuu Babati nalipima kwa skima, yaani faili jingine lenye kanuni za kinachoruhusiwa na mahali pake. Hakuna picha za kubofya. Kwenye dirisha jeusi naandika:

xmllint --noout --schema mifugo.xsd endasak.xml

Pakiwa na kosa, kompyuta inataja mstari. Pasipokuwa na kosa, inajibu kwamba faili limekubalika. Jibu hilo nililipenda kupita kiasi.

Faili la kijiji cha Endasak lilikataliwa. Huku kwetu mtu haweki ng'ombe wote zizini kwake. Wengine huwapeleka kwa rafiki wa kijiji kingine, ili ukame au ugonjwa usiwamalize kwa pamoja, na rafiki hunywa maziwa. Ng'ombe wa namna hiyo nilimwandikia majina mawili, la mwenye mali na la mtunzaji. Skima ilitaka jina moja. Ningeweza kumpigia binti aliyeitunga kule Babati, lakini niliona aibu kuuliza. Nikafuta jina la mwenye mali, nikabakiza la mtunzaji, maana kwake ndiko mchanjaji angemkuta ng'ombe. Nikafanya hivyo kwa wote. Nikapima tena, likakubalika. Nikaenda kunywa chai.

Kisha mtunzaji mmoja wa Endasak akafariki, na yule mjane wa Yaeda Chini, mwenye ng'ombe, akaja.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama. Karibu.”

“Nimefuata ng'ombe wangu Endasak. Vijana wa marehemu wanasema kwenye kompyuta yenu ni wa baba yao. Eti kompyuta haidanganyi.”

“Haikudanganya yenyewe. Nilifuta jina lako mimi.”

“Basi liandike tena. Sina mwingine.”

Nikampigia binti wa Babati, nikamweleza. Akacheka kidogo.

“Mzee, hapo naongeza kipengele cha mtunzaji, basi. Ungenipigia siku ile ningekutumia palepale.”

Alinitumia kweli. Nikamrudisha mjane mahali pake, faili likakubalika, tukapanda bodaboda hadi Endasak. Nikawaambia vijana nilichofanya, mbele ya mama yao.

“Kwa hiyo mzee ulitugawia ng'ombe wa watu,” alisema mkubwa wao.

“Niliwagawia.”

“Na ulivyo mkarimu, hukutupatia hata kamba.”

Mama yake akamwambia anyamaze, akafungue zizi. Mjane akaondoka na ng'ombe wake, bila kuniaga.

Nilidhani hapo nitatulia. Lakini wapo wengine niliowafuta, na siwakumbuki wote. Nikilipima faili, linakubalika. Kompyuta inajua kwamba jina lipo mahali pake. Kwamba ni jina la mtu mwingine, haiwezi kujua. Kuuliza kwenye mkutano wa kijiji nako hakuwezekani. Huku kwetu hakuna anayetaja hadharani, hata mbele ya mkewe, ng'ombe yupi zizini ni wake na yupi amewekewa. Kwa hiyo napita boma kwa boma, asubuhi kabla ya mifugo kutoka.

Jana mwenye boma mmoja aliniletea kigoda. “Kaa basi, mzee. Mbona umesimama kama mdai?”

Nikamwambia nitakaa baadaye. Nikamsogelea pale langoni mwa zizi, nikainamisha kichwa ili mkewe asisikie, nikamwuliza kwa sauti ya chini, “Wa watu ni yupi?”