Kornelia na Mtaalamu wa Udongo

Kornelia alizaliwa Tlawi, akaolewa Hanang, na mwaka 1979 alikuwa mmoja wa wapishi wa kambi kwenye shamba moja la ngano la serikali. Mwaka huo akaletwa mtaalamu kijana wa udongo, ambaye hakuwaamkia wanaomzidi umri wala hakupenda kuchafua vidole. Alilitazama bonde la shamba hilo akiwa juu ya gari, akaandika: udongo tifutifu, ulimwe.

Kornelia alilowanisha donge la udongo huo, akalisokota likawa kamba, akaipinda kamba ikawa pete.

“Bwana, tifutifu ungekatika. Huu ni mfinyanzi. Miaka na miaka mvua imeshusha chembe laini kutoka mlimani, zikatuama hapa. Kiangazi hupasuka, masika hunata.”

“Mama, rudi kwenye sufuria zako.”

Machi, masika yalipoanza, matrekta matatu yalizama bondeni hadi ekseli. Yule msomi alilaumu madereva, kisha matairi, kisha mvua. Mwishowe akaja jikoni kuomba aonyeshwe pa kupita.

“Shikamoo, mama,” alisema.

“Marahaba. Vua viatu uingie bondeni, miguu yako itakufundisha.”

Aliingia, akazama hadi magotini, na wapishi wote walitoka kumtazama.